Baiskeli ya mbio ya bei ya chini: uiboreshe au ununue nyingine? Mwongozo kwa waendeshaji wa Mtwara na Lindi

Anayeendesha baiskeli ya mbio kwenye lami ya Mtwara na Mikindani kwa mwaka mmoja au miwili hufika mahali pa kujiuliza swali hili. Baiskeli ni ile ya kuanzia: fremu ya alumini, usukani uliopinda, gia 7 au 8 nyuma, breki za kubana rimu. Sasa cheni inapiga kelele, gia zinaruka ukikanyaga kwa nguvu, na mmoja wa wenzako kwenye kundi amekuja na nyingine nyepesi inayong'aa. Uweke fedha kwenye hii uliyo nayo, au uiuze utafute nyingine?

Jibu langu nalitoa mapema. Fremu ikiwa saizi yako na ni nzima, ibakize, na fedha zako zianzie kwenye tairi, cheni, nyaya na gololi. Fremu ikiwa si saizi yako au ina ufa, usiinunulie hata raba ya breki. Na kwa sisi wa Kusini kuna sharti la tatu: kila kifaa unachotaka kufunga, jiulize kikiharibika Jumamosi utakipata wapi. Baiskeli ya gia 12 ambayo cheni yake lazima iagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ije kwa basi, itakaa ukutani muda mrefu kuliko ya gia 8 ambayo cheni yake unaipata hapa hapa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona baiskeli nzuri mno zikiota kutu kwa kukosa kifaa kimoja kidogo.

Hatua ya 1: Taja tatizo kwanza

"Nataka baiskeli nzuri zaidi" haimsaidii fundi wala wewe mwenyewe. Kwa wiki moja, kila ukirudi kutoka barabarani andika kwenye simu kilichokusumbua, kwa maneno ya kawaida, na mahali kilipokusumbua. Wiki ikiisha, soma orodha hiyo.

Mgongo, shingo au viganja kufa ganzi ni suala la saizi na mkao. Hakuna gia ya bei inayotibu hilo. Pancha za mara kwa mara ni tairi iliyokwisha, tairi nyembamba mno au upepo mdogo. Gia kuruka unapokanyaga kwa nguvu ni cheni na kaseti (rundo la meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma) zilizolika. Gia kukataa kuhama au kuhama kwa kuchelewa mara nyingi ni waya wenye kutu ndani ya mfereji wake. Breki kupiga mluzi na kushika kwa kusitasita ni raba zilizokauka au rimu yenye mchanga.

Lalamiko gumu zaidi ni hili: "haikimbii". Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu ndilo linalowatoa watu fedha nyingi. Kwenye barabara tambarare kinachokuzuia zaidi ni hewa, na sehemu kubwa ya ukinzani huo unatoka kwenye mwili wako, wala si kwenye baiskeli. Kusi likivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi karibu na Oktoba, mtu anayetoka Mtwara kwenda Lindi husukumwa mgongoni akajiona bingwa. Akigeuza kurudi, zile zile kilomita mia na ushee zinamgeuka. Kushika usukani sehemu ya chini na kukunja viwiko kutakusaidia kwenye upepo huo kuliko magurudumu mapya. Kabla hujailaumu baiskeli, jaza upepo sawasawa, zungusha magurudumu usikilize kama raba za breki zinagusa, halafu rudia njia ile ile siku tulivu.

Hatua ya 2: Pima saizi

Kipimo hiki kinaweza kumaliza mjadala mzima, na hakina gharama.

Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kupinda upande. Ukihamia kwenye mkao wa kawaida, yaani mbele ya nyayo juu ya pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Siti ikiwa chini mno magoti yanauma kwa mbele. Hicho ni kitu cha kurekebisha kwa spana tu. Lakini ikiwa ili ufike urefu huo nguzo ya siti lazima ivutwe kupita ule mstari wa mwisho uliochorwa na kiwanda, fremu ni ndogo kwako. Usivuke mstari huo hata kwa sentimita moja: nguzo hukatika au hupasua fremu.

Upande wa pili, simama ukiwa umepanua miguu juu ya bomba la juu. Likikugusa kwa nguvu, fremu ni kubwa.

Urefu wa kwenda mbele unasahihishika kwa kiasi. Shingo ya usukani kwenye baiskeli hizi huwa kati ya milimita 80 na 120, kwa hiyo kubadilisha ya 110 kwa ya 90 kunakusogeza karibu kwa sentimita 2. Hilo ni boresho la bei ndogo na mara nyingi linaondoa maumivu ya shingo moja kwa moja. Ukihitaji zaidi ya sentimita 3, acha. Baiskeli hiyo si yako. Ruka hatua zote hadi ya 7.

Hatua ya 3: Kagua fremu na foku (mkono unaoshika gurudumu la mbele), na hapa usiwe na haraka

Osha baiskeli kwa sabuni na maji baridi, iache ikauke, uitoe kwenye mwanga. Ichunguze kwa tochi ya simu, taratibu, hasa hapa: chini ya bomba la chini pale linapokutana na kichwa cha fremu, kuzunguka bomba la mhimili wa pedali, pale nguzo ya siti inapoingilia, na kwenye ncha za nyuma zinazoshika gurudumu. Ufa huanzia kwenye mshono wa kuchomelea au kwenye tundu. Ukiona mstari usioeleweka, kwaruza rangi kidogo kwa msasa laini. Mkwaruzo wa rangi utaisha. Ufa utabaki kwenye metali yenyewe.

Ukiukuta ufa kwenye fremu ya alumini, uamuzi umeshafanyika. Najua mafundi wa kuchomelea wa hapa ni hodari na mageti yao yanadumu, lakini alumini ya fremu, kwa mfano ile ya aina ya 6061, hupewa nguvu yake kwa joto maalumu kiwandani baada ya kuchomelewa. Ukiichomelea tena mtaani, sehemu iliyo kando ya mshono inabaki laini, na itakatika tena bila kukuaga. Fremu ya chuma ni habari nyingine: hiyo inachomeleka vizuri. Kuitambua, weka sumaku. Ikishika ni chuma. Foku yenye ufa, iwe ya metali yoyote, haitengenezwi. Inabadilishwa, kwa sababu ikikatika unaanguka na uso.

Angalia pia kama foku imerudi nyuma kutokana na mgongano. Simama pembeni na utazame: sehemu ya juu ya foku inatakiwa ifuate mstari mmoja na kichwa cha fremu. Rangi iliyojikunja chini ya bomba karibu na kichwa ni dalili ya kugonga kitu kwa mbele, na ukiiona kwenye baiskeli unayotaka kununua, mrudishie mwenyewe.

Halafu kuna adui wetu wa pwani, chumvi. Anayeweka baiskeli barazani Shangani au Mikindani anajua bolti zinavyogeuka rangi. Chumvi na unyevu vikikutana na alumini iliyogusana na chuma, metali hizo hulana polepole hadi zinashikana kama zimepigwa saruji. Kwa hiyo fanya jaribio hili leo: legeza bolti ya siti na ujaribu kuzungusha nguzo. Ikizunguka, itoe yote, ifute, paka grisi, irudishe. Fanya vivyo hivyo kwenye shingo ya usukani na kwenye uzi wa pedali. Kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea. Nguzo ikigoma kabisa, usiipige nyundo. Mwagia oili nyepesi ya kulainisha kutu, acha hadi kesho, jaribu tena. Nguzo iliyoganda kwenye urefu wako sahihi haikuzuii kuendesha, ila jua kwamba thamani ya kuuza imeshuka.

Jambo la mwisho hapa: kile kipande kidogo cha alumini kilicho kwenye ncha ya nyuma kulia, kinachoshika kihamisha gia. Baiskeli ikiangukia upande huo, kinapinda, na gia zote zinaanza kusumbua. Watu wengi hudhani kihamisha gia kimekufa wakanunua kipya, kumbe ni kipande hicho. Kinanyooshwa mara moja, pengine mbili. Zaidi ya hapo kinakatika. Kila fremu ina umbo lake, hivyo ukipata kinachofaa yako nunua viwili.

Hatua ya 4: Pima vinavyolika

Cheni kwanza. Chukua rula ya chuma yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu hadi inchi 12. Cheni mpya, pini ya 24 inaangukia kwenye 12 kamili. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita 1.6 hivi, badilisha cheni sasa na kaseti yako itapona. Ikiwa imepita kwa moja ya nane, milimita 3.2, kaseti nayo imeshachongwa na cheni hiyo. Ukifunga cheni mpya peke yake itaruka. Hapo nunua vyote viwili kwa pamoja. Mchanga wa njia ya Msimbati na vumbi la barabara ambazo hazijapata lami hula cheni haraka sana, kwa hiyo mtu wa huku asisubiri ushauri wa kilomita unaoandikwa kwenye maboksi. Apime.

Rimu. Kwenye breki za kubana, rimu yenyewe ni sehemu ya breki na inalika. Pitisha kidole ubavuni: ukuta ukiwa umeingia ndani, umekwisha. Rimu nyingi zina kitundu au mfereji mdogo wa alama. Ukifutika, gurudumu limestaafu. Rimu iliyokonda hupasuka upepo ukijazwa, na hilo si la kuahirisha.

Habu, yaani kitovu cha gurudumu. Inua gurudumu, shika mhimili kwa vidole, zungusha. Ukihisi mikwaruzo, gololi zinadai grisi au zimeoza. Hapa baiskeli ya bei ya chini inakupa faida kubwa: habu zake nyingi ni za gololi za kufungua, za robo inchi nyuma na tatu ya kumi na sita mbele, na fundi yeyote aliyezoea Phoenix anazielewa. Habu zenye beringi zilizofungwa zinahitaji namba maalumu. Ukiwa nazo, soma namba iliyochapwa kwenye beringi yenyewe na uipeleke kwenye duka la beringi za mashine, si lazima liwe la baiskeli.

Ukienda kwa fundi, nenda mapema na ubaki naye. "Shikamoo fundi. Naomba tuifungue hii habu pamoja, nataka kuona bakuli lake." Atakuitikia marahaba na atafungua, na utaona mwenyewe: bakuli, yaani mahali gololi zinapozunguka, likiwa laini, gololi mpya na grisi zinatosha, likiwa na mashimo madogo, gurudumu hilo halitatulia tena. Fundi mzuri hafichi hilo. Mpe nafasi aseme anachokiona kabla hujamwambia unachotaka kununua.

Nyaya za breki na gia, pamoja na mifereji yake, badilisha bila mjadala ikiwa umeshapita msimu mzima wa mvua nazo. Ni bei ndogo, na baiskeli inarudi kuwa kama mpya mkononi. Wengi wanaotafuta baiskeli nyingine wangeacha kutafuta baada ya kubadilisha nyaya tu.

Hatua ya 5: Soma namba ujue baiskeli yako inakubali nini

Kwenye ubavu wa tairi kuna namba kama 25-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi inapokaa. Hiyo ya pili ndiyo ya kushika kichwani, kwa sababu majina ya inchi yanadanganya. Tairi za "28" za Phoenix ni 635 na haziingii kwenye rimu ya 622. Baiskeli za mbio za zamani zinazokuja kwenye mtumba nyingi ni 27 kwa 1¼, ambayo ni 630. Ni tofauti ya milimita 8 tu lakini haziingiliani, na tairi zake ni ngumu kupatikana. Baiskeli za mlimani za 29 kipenyo chake ni 622, sawa na cha baiskeli ya mbio, ingawa tairi zake ni nene mno kwa fremu yako. Ukimtuma mtu Kariakoo, mwandikie 622, si "tairi ya mbio".

Pima nafasi kati ya tairi na fremu, foku na breki. Ukiacha milimita 4 kila upande, upana unaobaki ndio mwisho wako. Fremu nyingi za namna hii zinapokea 25, baadhi 28. Kama yako inapokea 28, hilo ndilo boresho la kwanza ninalolipendekeza kwa barabara zetu: unapunguza upepo kidogo, kwa mwenye kilo 75 kama psi 70 hadi 80, pancha zinapungua, mikono inatulia, na kwenye lami yenye kokoto hupotezi mwendo wowote. Angalia pia valvu. Ile nyembamba ya baiskeli za mbio haiendani na pampu nyingi za mtaani, hivyo nunua kiunganishi chake kidogo cha shaba na ukifunge kwenye ufunguo.

Nyuma, tambua kama una friwili au kaseti. Gia 7 za baiskeli za bei ya chini kabisa mara nyingi ni friwili, inayofungwa kwa uzi kwenye habu. Mhimili wake hubeba mzigo mbali na gololi, ndiyo maana hupinda au kukatika kwa mtu mzito kwenye mashimo. Kuhama kutoka friwili kwenda kaseti kunahitaji gurudumu jipya, na hapo hesabu inaanza kuegemea upande wa kuuza. Gia 8 za kaseti ni msingi mzuri zaidi: habu ile ile ya Shimano inapokea kaseti za 8, 9 na 10, kwa hiyo ukitaka kupanda hadi 9 utabadilisha leva za gia, cheni na kaseti bila kugusa gurudumu. Kaseti za gia 11 za barabarani zinataka habu ndefu zaidi.

Pima na upana kati ya ncha za nyuma. Baiskeli za breki za kubana kwa kawaida ni milimita 130. Zile za zamani 126. Za diski 135 au 142. Na kama ndoto yako ni breki za diski, fremu isiyo na sehemu ya kuzifungia haitazipata. Usimruhusu mtu akuchomelee vishikio. Nunua baiskeli nyingine.

Hatua ya 6: Piga hesabu, ukianza na milima

Wengi wanaotaka baiskeli nyepesi wanafikiria kupanda: kutoka Mikindani pwani, vilima vya Lindi, au kuukwea uwanda wa Makonde kuelekea Newala. Tuweke namba. Wewe, maji na baiskeli mna kilo 85. Ukitumia fedha nyingi ukapunguza kilo 1, umepunguza kama asilimia 1.2 ya mzigo mlimani. Sasa tazama meno. Ukiwa na gia ya mbele ya meno 34 na ya nyuma ya 28, kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 2.55. Ukiweka ya nyuma ya meno 32, unasogea mita 2.23. Nguvu inayotakiwa kwenye pedali imepungua kwa zaidi ya asilimia 12, kwa bei ya kaseti moja ambayo pengine ulikuwa unaibadilisha tu. Hakikisha kihamisha gia chako kina mkono mrefu wa kutosha kwa meno 32. Namba ya modeli imechapwa mgongoni mwake, na kwa namba hiyo muuzaji atakuambia kikomo chake.

Kisha andika viasi vinne. Cha kwanza, matengenezo ya lazima kutoka hatua ya 4. Cha pili, maboresho unayoyataka. Cha tatu, bei ambayo baiskeli yako ingeuzwa leo, kwa ukweli. Cha nne, gharama kamili ya baiskeli nyingine: bei, usafiri, na matengenezo yake ya lazima, maana ya mtumba nayo inakuja na cheni iliyolika na nyaya zilizokauka. Hiki cha mwisho ndicho watu wanachokisahau.

Namba zifuatazo ni za mfano, weka zako. Lazima: cheni 25,000, kaseti ya 32 kwa 45,000, nyaya na raba 25,000, gololi, grisi na fundi 25,000, jumla Sh 120,000. Maboresho: tairi mbili za 28 na tyubu, 130,000. Ukiibakiza utatumia 250,000. Upande wa pili: nyingine 1,100,000, usafiri 40,000, matengenezo yake 110,000, jumla 1,250,000, toa 350,000 utakazopata kwa kuuza yako, pengo ni 900,000. Sh 250,000 ni chini ya theluthi ya pengo hilo. Ibakize.

Lakini ongeza magurudumu mapya kwa 350,000 na leva za gia 9 kwa 280,000. Sasa unaitia baiskeli ya 350,000 jumla ya 880,000, karibu sawa na pengo lote, na siku ya kuuza hakuna atakayekulipa vifaa hivyo. Kipimo changu ni hiki: chini ya theluthi ya pengo, boresha, zaidi ya nusu, uza, katikati, rudi kwenye saizi. Kama fremu inakukaa vizuri kweli, egemea kuibakiza, kwa kuwa saizi nzuri kwenye mtumba haipatikani kwa kuagiza.

Fedha ikiwa haitoshi vyote, fuata mpangilio huu na usiuvuruge: breki na nyaya zake, tairi, cheni na kaseti, gololi, kisha siti na shingo ya usukani. Magurudumu baadaye sana. Seti nzima ya gia mpya, kwa baiskeli ya kuanzia, mimi simshauri mtu kabisa, isipokuwa leva zimevunjika.

Hatua ya 7: Ukiamua kununua nyingine

Tafuta fremu kwanza, vifaa baadaye. Saizi ipimwe kama hatua ya 2, ufa utafutwe kama hatua ya 3, kwenye mwanga wa mchana, si dukani saa moja jioni. Ikiwa inanunuliwa Dar es Salaam na wewe uko Lindi, mwombe anayekununulia akutumie picha za chini ya kichwa cha fremu, ubavu wa tairi ukionyesha namba, meno ya kaseti, na ncha za nyuma. Muuzaji anayekataa picha hizo amekujibu tayari.

Chagua gia 8, 9 au 10 badala ya 11 au 12, hata kama bei ni moja. Chagua mhimili wa pedali wa kufunga kwa uzi badala ya ule wa kushindilia. Chagua nyaya zinazopita nje ya fremu. Fundi atazibadilisha kwa dakika chache barazani kwake, ilhali zilizofichwa ndani humlazimu kufungua nusu ya baiskeli. Ukipata yenye nafasi ya tairi za 32, ichukue kwa moyo mmoja. Lami ya Mtwara hadi Mnivata ni kilomita 50 nzuri, lakini mwendeshaji wa Kusini siku moja atataka kwenda mbele zaidi, na kokoto hazina subira na tairi ya 23.

Kuhusu wakati: minnada ya korosho ikifunguliwa kuanzia Oktoba, fedha zinazunguka na kila mwenye chombo cha usafiri anapandisha bei. Huo ni msimu wa kuuza yako. Kununua ni afadhali wakati wa mvua, kati ya Januari na Machi, wauzaji wanapokuwa wamekaa bila wateja. Ukiweza kuvumilia miezi hiyo michache katikati bila baiskeli, au kwa kuazima ya nduguyo, utaokoa fedha ya kutosha kulipia tairi.

Kabla ya kuuza, vua vitu vyako vizuri: pedali, siti uliyoizoea, tairi mpya kama zinaingia kwenye fremu unayoihamia. Rudisha vya zamani vikiwa vimesafishwa. Mwambie mnunuzi kila ulichokipima, pamoja na kipimo cha cheni na hali ya rimu, umwandikie hati ya mauziano yenye namba ya fremu iliyochapwa chini ya mhimili wa pedali, kila mmoja abaki na nakala. Nawe unaponunua dai hati kama hiyo hiyo, na uilinganishe na namba iliyo kwenye fremu kabla hujatoa shilingi.